Jogoo Mweupe wa Binti wa Jirani

Mwezi uliopita nililala Iringa, nikaletewa kuku wa kisasa, laini kama mkate uliolowa chai. Nikasukuma sahani, na hasira ya utotoni ikanipanda upya. Ungekulia Kihesa, hapo hapo Iringa, miaka ile ya sabini, ungenielewa.

Sisi watoto tulikuwa na majogoo wa kupiganisha. Jioni, tukishachota maji, tulikutana kwenye shamba lililovunwa mahindi, kila mtu na wake. Tuliwalisha machicha ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, ili wawe wakali. Siku moja jogoo mweupe wa binti wa jirani akamtoboa wangu jicho. Bibi alimtazama tu, akasema, "Huyu sasa ni mboga." Nikala mchuzi wake huku nalia. Kesho yake binti wa jirani alinicheka hadi darasani, nami nikaapa kulipiza.

Nikalea mwingine, mweusi, tangu kifaranga. Asubuhi za baridi nilimweka karibu na mafiga, nikamgawia kiporo changu cha viazi, nikimnong'oneza mabaya yote ya yule mweupe. Nilimfundisha chuki kama wengine wanavyofundishwa kusoma.

Jumamosi ya pambano nilifika wa kwanza. Binti wa jirani akaja mikono mitupu, macho mekundu.

"Mjomba kaja toka Mbeya," alisema. "Baba kamchinja mweupe wangu."

Kwetu mgeni hali mchicha. Huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake, wala hakuna anayemuuliza mtoto. Nilipaswa kufurahi, lakini niliumia vibaya. Nilitaka mweusi wangu ndiye ammalize, watoto wote wakiona, na sasa mtu mzima kanimezea kisasi changu kwa ugali.

"Bado yupo?" nikauliza.

"Yupo uani, anachokoa meno."

Tukatazamana. Yeye akafungua mlango wa uani, mimi nikamwachia jogoo. Mjomba alikuwa amepandisha suruali, ananawa miguu. Mweusi alimparura mashavu ya miguu, akamrukia mgongoni, mpaka mzee wa watu akajifungia chooni akipiga mayowe kwa Kinyakyusa. Tulicheka tukakaa chini, bega kwa bega, mimi na adui yangu.

Tulichapwa wote. Bibi, kwa aibu, akamtoa mweusi kuwa fidia, na mjomba akaondoka naye akiwa hai, kafungwa miguu juu ya basi. Binti wa jirani akanishika mkono. "Tutalea mwingine," alisema, "wetu wote wawili." Tukamlea, na hakupigana na mtu.

Shamba lile sasa ni nyumba na mageti. Mjomba alizikwa Iyunga, kwao Mbeya, na sijamsamehe. Tulipanga siku moja tupeleke kuku wetu wakalichakure kaburi lake, tukawa tunaahirisha, leo kazi, kesho wajukuu. Mwaka juzi nikamzika rafiki yangu, yule binti wa jirani. Kuku ninao, lakini wa kwenda naye sina.