Jembe Nililoliua

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, niliua jembe. Darasani nikisema hivyo wanacheka, kwa hiyo nimezoea kusema hivyo.

Lilikuwa la bibi. Lilifuliwa na babu yake, enzi ambazo mhunzi alianza na mawe ya kuyeyusha, si na chuma cha dukani. Alimpa binti yake siku ya kuolewa, binti akampa bibi. Bibi alizaa wanaume watupu, akakaa nalo chini ya kitanda akimngoja dada yangu akue. Jumamosi ya kumuaga dada, kabla hajaenda kwa mumewe huko Kagongwa, angelipokea mbele ya ukoo. Lilikuwa na umbo la moyo, limeliwa na kutu, lakini bibi akilipiga ukucha lililia kama kengele.

Nikasema nitaling'arisha na kulinyoosha ncha. Nilikuwa nimeangalia video nyingi za watu wanaofufua mashoka, nikajiona fundi.

"Mume wangu," bibi akaniita, maana kwa utani wetu mimi ndiye mume, "likienda motoni, lisipigwe likiwa jekundu. Babu alivukuta moto mpaka chuma kikawa cheupe, kikatema cheche. Hapo ndipo nyundo."

Macho yake yana ukungu. Nilisimama mbele yake nikavuta midomo ndani, nikatafuna hewa kama yeye, nikatikisa kichwa kama yeye. Ndugu zangu walijikunja kwa kicheko. Dada alijiziba mdomo kwa kanga, machozi yakimtoka. Maneno ya bibi yalipita hivyo hivyo.

Alhamisi nikalipeleka Rwamgasa kwa fundi anayechonga moko, tindo za wachimbaji. Akalilaza kwenye mkaa. Lilipokuwa jekundu akalitoa, akapiga mara tatu. Jembe likafunuka tabaka kwa tabaka, kama daftari lililonyeshewa.

Fundi akaligeuza kwa koleo.

"Dogo, hiki ni chuma cha zamani. Kina makapi ya mawe ndani. Kinataka moto mweupe makapi yalegee, ndiyo kishikane. Mimi nimezoea springi za gari. Kwenu hawakukuambia?"

"Hawakuniambia."

"Basi kwenu wajinga."

Nikacheka naye. Akaliunga kwa kuchomelea, akalisaga, tukalipaka rangi nyeusi. Lilipendeza kuliko mimi.

Jumamosi dada alipiga magoti kwenye mkeka, viganja vimeinuliwa. Bibi akalipokea jembe kwangu, akalipiga ukucha. Likatoa sauti ya boksi. Akalisogeza sikioni, akapiga tena. Vidole vikatembea taratibu mpaka kwenye mshono, vikasimama.

"Hili limekufa," akasema, akaliweka chini, akajifuta mikono kwenye gauni.

Viganja vya dada vilibaki juu, vitupu. Shangazi mmoja, binamu wa baba, akakimbilia ndani akaja na jembe la dukani, stika bado ipo. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akasema, "Hata hilo linalima," na wenzake wakacheka. Dada alilipokea. Hakunitazama mpaka gari linaondoka, na simu zangu hapokei mpaka leo.

Likizo ya Juni nilikaa karibu na bibi, akiwa anachambua karanga na ndugu zangu. Nilikuwa nimeshasoma kidogo, nimeokota vipande vya chuma chakavu, nataka kujaribu. Lakini babu yake alijuaje kwamba weupe umetosha, usipite ukaunguza? Hilo sikuliona kwenye video yoyote, na mwingine wa kumuuliza sina.

"Mke wangu," nikasema, "babu yako alivukutaje? Nieleze tena. Safari hii nasikiliza."

Bibi akaweka ungo chini. Akanigeukia. Akavuta midomo ndani, akatafuna hewa, akatikisa kichwa, vile vile kabisa, hata kale kashingo nilikokuwa nakapinda. Ndugu zangu wakaanguka kwa kicheko.

Alipomaliza akachukua ungo wake.

"Umesikia, kijana?" akauliza, akaendelea na karanga.