Siku Niliyompigisha Mbwa Mswaki

Wiki iliyopita nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa mifugo hapa Bariadi mjini, maana alikuwa anaisogelea sahani kisha anaiacha. Daktari akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyekundu, na magego yameshika gamba la manjano, gumu kama ukoko wa sufuria. "Hili tunalikwangua akiwa amelala kwa dawa," akasema. Sikumsikia vizuri. Harufu ya mdomo wa yule paka ilikuwa imeshanirudisha kijijini kwa bibi, upande wa Lagangabilili, msimu wa kuvuna pamba.

Unajua nyumba inavyonukia pamba ikiwa imejazwa ndani mpaka usawa wa dirisha? Tulilala juu yake. Asubuhi bibi alichemsha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, na mvuke wake mtamu ndio ulioniamsha. Mbwa wetu, Popi, alipata fungu lake mlangoni. Mwaka ule akaanza kutafunia upande mmoja. Shavu likamvimba chini ya jicho, na mdomo ukanuka hadi ndama walimkwepa.

Nilikuwa mtoto nisiyevumilia kasoro. Daftari likiingia doa, nilichana ukurasa. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba asiye na dawa ya meno atumie mkaa uliosagwa na chumvi. Basi bibi akiwa shambani, nikasaga mkaa, nikamkalisha Popi, nikamsugua kwa kijiti. Alivumilia, maskini, hadi nilipogusa gego la juu. Akalia, akachomoka kuelekea barabarani, povu jeusi likimchuruzika hadi kifuani.

Jirani yetu alikuwa anatoka kisimani. Akatupa ndoo, akapiga mwano, ile sauti ya hatari ambayo kwetu mwanaume akiisikia anaacha hata ugali. "Mbwa kichaa! Mbwa kichaa!" Mara wanaume wamefika na fimbo, mumewe akiwa mbele, na Popi amebanwa kwenye ua wa minyaa.

Nikiri jambo ambalo sijawahi kuliandika: nilinyamaza. Mikono yangu ilikuwa myeusi, ukweli wote ninao, na bado niliona heri afe kuliko watu wajue nimekosea. Fimbo ya kwanza ilipoinuliwa ndipo sauti ikanitoka.

"Ni mkaa! Nilikuwa nampigisha mswaki!"

Mume wa jirani akashusha fimbo. "Unampigisha nini?"

"Mswaki."

"Mbwa?"

"Ananuka mdomo."

Jirani akakaa chini kwa kicheko. "Ng'wanawane, mwanangu we, huyu mume wangu naye ananuka, mbona hujaja kumsugua?"

"Wewe mama, usinitaje!" mumewe akang'aka, na hapo wote wakaangua kicheko.

Bibi alifika mbio, khanga mkononi. Alipoelezwa, hakucheka. Aliagiza bwana mifugo akaitwe kule joshoni, alikokuwa akiogesha ng'ombe, kisha akaenda kutoa karatasi ya chanjo ya kichaa kwenye kopo la majani ya chai. Bwana mifugo aliisoma kwanza, akatuonya kwamba mbwa anayetoa mate hatiwi mkono mdomoni, hata awe wa nyumbani. Akamchoma sindano ya usingizi, akang'oa gego lililopasuka, usaha umejaa kwenye mzizi, kisha akamchoma na dawa ya kukausha kidonda.

"Alilipasua kwa mfupa," akaniambia. "Jino likishaoza, mkaa haulifufui, daktari mwenzangu."

Wiki nzima bibi alimpondea Popi michembe kwenye maziwa. Alikuwa akikoroga anatabasamu peke yake, na mimi nilijua anatabasamia nini.

Popi alikuja kufa kwa uzee. Bibi naye hayupo. Mji wake umebaki minyaa tu, imeota ovyo bila mtu wa kuikata. Mimi ni fundi cherehani sasa, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu. Mshono ukipinda, naufumua mlango ukiwa umefungwa, nisionwe na mtu, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuniona. Ndicho kinachoniuma. Natamani, hata mara moja tu, kosa langu lisikike mpaka barabarani, watu waje mbio na fimbo zao, waniulize, niwajibu, kisha warudi makwao wakicheka.