Naombwa nimbadilishie mzee triga ya bastola bila yeye kujua

Admin, jina langu lifiche, na atakayenitambua anyamaze. Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mzaliwa wa Tanga, naishi Kingsbury hapa London. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nimeachika, watoto wakubwa. Mchezo wangu ni kulenga shabaha kwa bastola ya upepo, ile ya virisasi vidogo. Najua mtacheka, hata dada yangu alicheka, "Mswahili na bastola wapi na wapi?" Chekeni, kisha mnisikilize.

Aliyenipeleka klabu ni mzee mmoja Mhindi, nitamwita Mzee Kanji. Alinisikia dukani nikiongea Kiswahili cha kwetu kwenye simu, akaniuliza, "Binti, Tanga wapi? Mimi wa Korogwe." Wakati ule talaka ilikuwa bado mbichi, nilikuwa silali, sili. Yule mzee alinisimamisha mbele ya shabaha kila Jumapili miaka miwili, akinifundisha kupumua. Nisiseme uongo, alinirudishia uhai.

Majira ya baridi akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Akiwa hospitali alinikabidhi bastola yake. "Nitunzie hii. Ipigie shabaha kila wiki isikae bure, lakini usikaze wala usilegeze hata skrubu moja. Nitakuja kuichukua." Nikapokea. Mimi nimelelewa hivyo, amana unairudisha kama ulivyoipokea.

Sasa Jumapili hii anarudi klabu kwa mara ya kwanza. Wenzetu wameshaandaa chai na keki, na wamepanga kwamba yeye ndiye apige wa kwanza, watu wote wakimtazama. Juzi nikampelekea bastola nyumbani aishike kidogo, haina kirisasi ndani. Akanyoosha mkono, akavuta triga. Haikwenda. Akavuta tena mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe na jasho likamtoka. Triga ya bastola ile ni nzito, ya zamani. Akaniambia, "Leo nimechoka tu. Jumapili itaenda." Nikaitikia, "Itaenda, mzee." Roho iliniuma sana.

Binti yake alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Akaniita jikoni. Yeye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Akanipa kiboksi kidogo, ndani yake triga nyepesi na springi zake, si za kiwanda kilichoitengeneza bastola, ameziagiza mwenyewe mtandaoni. Akanisihi nizifunge kabla ya Jumapili na nisimwambie baba yake. Akitoa risasi moja tu, alisema, ataamini amepona, maana tangu augue hataki kula wala kutoka nje. Alikuwa analia. Nikachukua kile kiboksi. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Niwaeleze na aibu yangu, maana nimekuja kutubu. Mwezi uliopita rafiki yangu wa klabu aliniazima bastola yake yenye triga kama hiyo, nikapiga vizuri kuliko siku zote. Mwezi ujao kuna mashindano ya kuchagua timu, na mzee amekubali nitumie bastola yake. Kwa hiyo kiboksi kilipotua mkononi mwangu, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Furaha yangu mimi! Mzee wa watu hana habari. Najichukia kwa hilo.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Baada ya kutoka jikoni nilimkuta mzee bado amekaa na bastola, ameipakata. Akanigeukia aniambie jambo, na mdomo wa bastola ukageuka naye, ukanielekea tumboni. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba bastola haielekezwi kwa mtu hata ikiwa tupu, na kwamba kidole hakiingii kwenye triga mpaka umelenga.

Nikamuuliza taratibu, "Mzee, kidole chako kiko wapi?"

"Nje," akajibu bila kuangalia. "Kiko nje, binti."

Kilikuwa ndani. Kimekunjika juu ya triga na yeye hana habari. Nilipokitoa kwa mkono wangu ndipo akaangalia, akaanza kunisimulia habari za mvua.

Binti yake hakuona. Hakuna anayejua ila mimi, na sasa ninyi. Nimehudumia wazee wa kiharusi miaka kumi na moja, najua mkono usiohisi ukoje. Triga nzito ndiyo iliyomzuia siku ile. Hiyo nyepesi ingefyatuka. Kirisasi ni kidogo lakini jicho la mtu kinatoa, na Jumapili ukumbi utakuwa umejaa.

Fundi wa klabu ananisubiri Jumamosi saa nne asubuhi, anasema ni kazi ya dakika ishirini. Nikifunga triga mpya, mzee atapigiwa makofi kwa nguvu ambazo hana, na huenda tukaumizana. Nikiiacha ya zamani, atavuta mbele ya watu wote na hakitatoka kitu. Nikisema nilichokiona, klabu haitamruhusu kushika tena bastola, na mimi ambaye yeye alinifufua ndimi nitakayekuwa nimemfungia mlango. Nikimwambia yeye mwenyewe kwanza, nitaanzia wapi? Njia ya mwongo ni fupi, najua, lakini ya ukweli huu siioni hata pa kuweka mguu.

Asubuhi hii amenipigia, sauti imechangamka kama zamani. "Binti, Jumapili usimame karibu yangu, karibu kabisa. Nikiwa na wewe siogopi."

Nimemjibu nitasimama. Ndugu zangu, wenye wazazi na wenye hekima, niambieni leo, kabla ya Jumamosi: nimfanyieje huyu mzee?