Ubao Usiopakwa Vanishi

Wiki iliyopita jirani yangu alipaka vanishi madirisha yake, na harufu ikapita chini ya mlango wangu bila kubisha hodi. Wengine harufu hiyo huwaumiza kichwa. Mimi hainiumizi chochote, na hilo ndilo tatizo. Nikiinusa nakuwa tena na miaka tisa, nimesimama mbele ya nyumba yetu pale Kisugu, Kampala, moyoni kumekufa ganzi.

Nyumba ile ilikuwa mtelemkoni, mlango wake wa mbele ukiwa juu ya ardhi kiasi cha kimo changu. Mama alikuwa na miguu mibovu, naye alipenda watu kupita kiasi. Kumweka ndani mtu kama yule ni kumfunga jela. Baba, seremala aliyetoka magharibi mwa Kenya na kufanya kazi katika karakana moja Nakawa, akamwahidi baraza la mbao. Atoke mlangoni, akae, awaone wote wanaoteremka kwenda Namuwongo, awaite kwa majina na kuwauliza mambo yasiyomhusu. Mama akasema ya mafundi ni kesho, kesho. Baba akacheka, akaleta mbao.

Alijenga wiki tatu, jioni kwa jioni. Ikabaki kupiga msasa na kupaka vanishi, maana mvua za Kampala haziuachi salama ubao mtupu. Jumatano Mama akafia hospitalini. Wakubwa wakapanga kwamba Ijumaa aletwe nyumbani alale, kisha asafirishwe kwenda kuzikwa Kenya.

Alhamisi asubuhi, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, Baba alivua shati la kanisani akachukua msasa. Msomaji wangu, sijui kama unaona uzito wa jambo hilo. Mfiwa hagusi kazi. Hukaa, hupewa chai asiyoinywa, hushikwa mkono na kila anayeingia. Hajati, jirani yetu Mnubi ambaye hakuna kilio mtaani kilichoendeshwa bila yeye, alitoka jikoni na mwiko wake.

"Banange, Baba Nekesa! Mtu ya kilio anashika kazi namna gani? Weka hiyo kitu chini, kuja kaa na watu."

"Mvua itanyesha, Hajati," Baba akasema. "Na yeye anakuja kesho."

Hajati akarudi jikoni, akafungua mlango wa nyuma. Tangu hapo waombolezaji wote wakapitia mlango wa nyuma, wakiruka masufuria, wazee wakiinua kanzu zisiguse masizi. Mjomba mmoja mnene alikwama kati ya meko na gunia la mkaa, ikabidi asukumwe. Watoto wenzangu wakacheka. Niliona kwamba jambo lile linachekesha, lakini kicheko hakikuja. Machozi nayo hayakuwa yamekuja. Shangazi alininong'oneza nijitahidi kulia kidogo, watu wanatazama.

Nikaenda kumtazama Baba. Alikuwa amenifundisha sheria moja ya kupaka sakafu: anza mbali, rudi kinyumenyume kuelekea pa kutokea, usije ukajifungia. "Mpakaji hana macho kisogoni," alikuwa akisema, "ajue njia yake kabla ya kuchovya." Siku ile fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini alianza ngazini na mlangoni, akaishia kwenye pembe ya mbali kabisa. Aliketi huko juu ya kreti ya soda, burashi mkononi, vanishi mbichi imemzunguka. Waliotaka kumpa pole walifika ngazini, wakasita, wakaenda zao nyuma.

Ndipo nikaona ubao mmoja ambao haukupakwa. Ulitoka ngazini moja kwa moja hadi miguuni pake, mwembamba, wa kutosha nyayo za mtoto. Nikasema moyoni, maskini Baba, amesahau.

Nikavua ndara, nikapita juu yake polepole, mikono nimeitandaza. Baba aliponiona alisogea, nusu nzima ya kreti ikabaki wazi. Nilidhani ananipisha nifikie kopo la vanishi. Nikachukua burashi mkononi mwake. Aliiachia bila ubishi. Nikachuchumaa, nikaanza miguuni pake na kurudi kinyumenyume kama alivyonifundisha, nikifuata nyuzi za mbao, bila kuacha povu hata moja. Nilipofika ngazini hapakuwa na pa kukanyaga kati yetu.

"Asante, mama," akaniambia kutoka kule. "Hujaacha hata doa."

Akakaa huko peke yake mpaka jioni. Mvua haikunyesha. Ijumaa baraza lilikuwa limekauka, jeneza likapitia mlango wa mbele, na watu wakaisifu kazi ya fundi. Mimi nikangoja mtu ataje ubao wangu.

Nilikuwa nimepita miaka thelathini, nimezika mtu wangu mwenyewe na kutafuta pembe ambako hakuna wa kunipa pole, nilipotambua kwamba Baba hakuwa amesahau kitu. Aliwazuia watu wote, akaacha njia ya upana wa miguu yangu. Nami niliipita njia ile. Nilifika kwake, nafasi yangu ilikuwa tayari pale kwenye kreti, kisha nikarudi hatua kwa hatua nikiipaka vanishi, uso wangu kwake, macho yangu kwenye ubao.