Siku Niliyokubali Bei ya Kwanza

Ugonjwa wangu ulinigharimu mitumba miwili ya sweta, ng'ombe wa maziwa, na harusi ya dada yangu. Harusini nilienda. Niko kwenye kila picha, nimecheka meno yote nje, na sikumbuki hata dakika moja. Nimezihesabu hasara hizo mara mbili, na hiyo ya mwisho ndiyo inaniuma zaidi.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nauza sweta hapa Eldoret, na baridi ya huku haijawahi kuniangusha. Wateja walinijua kwa ubishi. Ukitaja bei nacheka kwanza, halafu ndio tunaanza kuongea.

Harusi ilipokaribia, akina mama wa kanisa waliamua tuikeshee kwa maombi, usiku baada ya usiku. Niliongoza mimi, maana nina sauti. Asubuhi nafungua kibanda. Mwanzoni macho yaliwasha kama yametiwa pilipili. Kisha uchovu ukaisha, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa. Nikijilaza, usingizi hauji, na wala siutaki. Mawazo yalikimbia. Midomo ilipasuka kwa kuongea. Nilikonda hadi sketi ikashikiliwa na pini. Nikauza ng'ombe wetu aliyekuwa kijijini Sugoi kwa simu, nikalipia mahema ambayo hakuna aliyeyaomba. Kanisani walisema nimepakwa mafuta. Mume wangu, Baba Faith, akajivunia.

Harusi ikapita, mimi bado silali. Aliyegundua ni Mama Njeri, tunayepakana naye vibanda. Alimfuata mume wangu hadi kazini.

"Baba Faith, Mama Faith ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Ana nguvu kutushinda sisi wote."

"Leo mteja ametaja bei, naye akasema sawa. Bei ya kwanza. Halafu akamwongezea sweta ya bure. Mitumba miwili imeisha hivyo."

Baba Faith alicheka. Kisha, anavyosimulia mwenyewe, kicheko kikamkwama, akaacha kazi akaja.

Hospitalini nilimhubiria daktari hadi sauti ikakatika. Wakanidunga sindano, nikalala fofofo, nikajikojolea bila kujua. Baba Faith akauliza nitaamka lini nianze dawa.

"Hii ndiyo dawa," daktari akamwambia. "Mwache alale."

Baadaye daktari huyo, mama asiye na haraka, alinieleza. Mwili una saa yake, na mwanga ndio unaoiongoza. Watu wengi wakiivuruga huchoka tu. Wengine akili inapaa. Akauliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua hivi. Nikamkumbuka mjomba wangu aliyehutubia ng'ombe barabarani, tukamcheka miaka yote.

Nikauliza kama harusi itanirudia kichwani. Akasema ubongo hupanga mambo ya mchana tukiwa tumelala, na mimi sikulala.

"Hiyo haitarudi, mama."

Nilipotulia nikazama. Kuoga kulinishinda, nikalia bila sababu. Vidonge vilinitetemesha mikono na kunipa kiu ya punda. Hadi asubuhi moja, muuza maandazi alipopita wodini, nikasikia mdomo wangu ukimwambia hayo ni madogo, aongeze moja. Baba Faith aligeukia dirisha akajifuta macho.

Leo nalala mapema, simu inabaki jikoni. Asubuhi natembea juani kabla ya kufungua. Dawa namezea chai, na sijaziacha hata ninapojisikia mzima, hasa ninapojisikia mzima. Namshukuru Mungu, na Mama Njeri. Wewe ambaye umeanza kukaa macho siku nyingi na unafurahia, nenda hospitali ukiwa bado unaweza kubishana na daktari.

Sasa akina mama wanapanga kesha lingine, na wanataka niongoze. Nimesema nina homa, mara mbili. Nikisema tena hawataniamini, na nikisema ukweli, kwamba kukesha kutanirudisha wodini, kuna watakaosema sina imani. Kanisa hili ndilo lililonilishia watoto nikiwa wodini, siwezi kulipoteza. Nawe uliyewahi kukataa kesha na bado ukaachiwa nafasi yako kwenye benchi, tafadhali niambie: uliwaambiaje?