Kifuniko cha Mwalimu Yona

Juzi mjukuu wangu alifungua kopo la rangi ya viatu, kifuniko kikamponyoka, kikabingirika sakafuni mpaka miguuni pangu. Harufu ikapanda, ile ya nta na mafuta, na shingo ikaanza kuniwasha. Haki ya nani, iliniwasha palepale ulipokuwa ukipita uzi wa katani, na mimi ni mwanamke mzima mwenye wajukuu! Nikamwambia mtoto aniondolee hicho kitu. Akacheka, akadhani bibi anazeeka. Kaeni basi niwaambie, maana yeye hakutaka kusikiliza.

Ilikuwa Nakuru, miaka ya hamsini. Tulikaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kimoja vimeshikana, na moshi wa treni ukiingia hata kwenye uji. Baba alisafiri na treni za mizigo. Ukimwona leo, kesho yuko Eldoret. Mama aliuza viazi na kabeji sokoni. Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya reli, na upepo ukivuma kutoka ziwani ulileta vumbi jeupe la magadi, likajaa kwenye madaftari na kwenye meno.

Mwalimu Yona alitufundisha Kiswahili darasa la nne. Alikuwa mtu msafi, kaptura imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: nukta. Ukimsomea insha alikuwa anafumba macho, na ukipitiliza mwisho wa sentensi aliruka kama ameumwa na siafu. "Nukta yako iko wapi, mtoto?" Alitufundisha kwamba sentensi ni jambo moja lililokamilika, likikamilika lifunge, kisha anza lingine kwa herufi kubwa. Swali lina alama yake, usilinyime. Mkato ni wa kupumzika kidogo, hauwezi kubeba sentensi mbili nzima. Hayo yote alikuwa sawa, na sitamnyima haki yake.

Lakini kufundisha hakukumtosha. Alichukua kifuniko cha kopo kubwa la rangi ya viatu, akakipaka rangi nyeusi, akakitoboa, akatia uzi wa katani. Hiyo ndiyo ilikuwa Nukta. Ukikosea ulivishwa shingoni. Ili uivue, ilibidi umkamate mwenzako akikosea, umvishe yeye. Na aliyekutwa nayo Ijumaa jioni alikwenda nayo nyumbani, akitembea mjini watu wakimwona, na Jumatatu alirudi na mzazi.

Mnaona ujanja wake? Darasa zima likawa la askari. Watu waliacha kusoma walichoandika wao, wakawa wanachungulia cha jirani. Hata kucheka tulicheka kwa tahadhari.

Rafiki yangu alikuwa Rehema wa mtaa wa Bondeni. Alilelewa na bibi yake, mama mkali aliyekaanga mahamri kila alfajiri. Bibi huyo alikuwa ameshatangaza kwamba akiitwa shuleni tena kwa sababu ya Rehema, basi shule imekwisha. Mtoto atakaa naye kwenye karai. Hakuwa mtu wa kutania. Na Rehema, masikini, aliandika jinsi alivyoongea, na alikuwa anaongea bila kumeza mate. "Bibi aliamka akawasha moto unga ulikuwa umeumuka mimi nikaenda bombani kulikuwa na foleni paka akaja." Ukurasa mzima hivyo! Paka alikuja wapi, kwa nani, hujui, lakini ulikuwa unataka kuendelea kusoma.

Wiki ile kifuniko kilinipata mimi. Nilikuwa nimeandika: "Mvua ilinyesha, kuku wetu ameibwa." Mwalimu akauliza darasa, "Kwa hiyo mvua ndiyo mwizi?" Walicheka mpaka wakagonga madawati. Nikavishwa. Bati lilikuwa la baridi, na lilinuka rangi ya viatu kila nilipoinamisha kichwa.

Ijumaa akatuambia tubadilishane madaftari tusahihishe. La Rehema likaja kwangu. Sikuona nukta hata moja, wala ya bahati mbaya. Nilimtazama, naye alikuwa ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Alijua.

"Nafula," mwalimu akaniita, "umepata makosa?"

"Nimeyapata, mwalimu."

"Basi vua, umvishe mwenye daftari."

"Sitamvisha."

Nawaambia ukweli, hata mimi nilishtuka kusikia sauti yangu. Mwalimu alikuja taratibu, akalichukua daftari, akalisoma, akalirudisha mbele yangu.

"Huyu hajui nukta. Wewe umejua. Kwa nini ubebe kosa lake?"

"Nitamfundisha mimi," nikasema. "Lakini hiki simvishi, mwalimu. Nipige ukitaka."

Hakunipiga. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto mkaidi hana nafasi katika darasa lake, na kwamba Jumatatu mzazi wangu aje ajue kama bado nina shule au sina. Nikarudi nyumbani na kifuniko kikigongagonga kifuani. Wapiga debe wa sokoni waliniuliza kama nimekuwa mbuzi wa kengele. Nilitembea katikati ya barabara, shingo nimeinyoosha, nikilia kwa hasira.

Mama hakunigombeza. Aliosha mikono, akakishika kile kifuniko, akakigeuza. Hakujua kusoma hata jina lake.

"Hii nukta ni nini?"

Nikamweleza kwamba ni mahali mtu anapoonyesha amemaliza jambo lake, kisha habari yote ya Rehema na ya kuitwa kwake Jumatatu. Akasema, "Ehe," akarudi kwenye viazi vyake. Jumapili yote hakulitaja tena.

Jumatatu asubuhi alivaa lile gauni lake la kanisani, akachukua kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nilidhani anapitia sokoni baadaye. Tulipofika kwenye mlango wa darasa, alikiweka kikapu chini, akanivua kifuniko, akajivisha yeye. Wee! Mwalimu Yona alisimama na chaki mkononi.

"Mama Nafula, hiyo ni ya wanafunzi."

"Si umesema ni ya mtu hajui nukta?" Kiswahili cha Mama kilikuwa cha sokoni, na hakukionea haya. "Basi ni yangu. Huyu mtoto anajua. Huyo mwenzake atajua, kama utamfundisha. Mimi ndio sijui kabisa, kwa hivyo nitavaa mimi. Nitauza nayo viazi. Watu wakiuliza nitawaambia ni ya mwalimu wa mtoto wangu. Nimemaliza."

Akaokota kikapu, akaondoka na kifuniko shingoni, mgongo umenyooka, akavuka reli. Tulimwangalia dirishani mpaka alipopotelea nyuma ya mabehewa. Mwalimu akaugeukia ubao, akaandika tarehe. Kisha akasema, "Fungueni madaftari."

Angeweza kupata kifuniko kingine. Maduka yalikuwa yamejaa makopo ya rangi ya viatu. Hakutafuta. Tangu siku ile alitusahihisha kwa kalamu nyekundu kama walimu wengine, na alipokuja kwenye dawati la Rehema aliinama, akamwelekeza. Jioni tulikaa kwenye ukuta wa landi, mimi nikimsomea alichoandika, naye akinyoosha mkono kila anaposikia jambo limekamilika. Alichelewa kujua, lakini alijua. Bibi yake hakuitwa, na Rehema alimaliza darasa la nne pamoja nami, na mengine mbele yake.

Miaka mingi nilisimulia habari hii nikisema mama yangu hakuwa na woga. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu mwenyewe siku nilipomuuliza, tukimenya viazi, kile kikapu alikipeleka wapi asubuhi ile. Akasema hakukipeleka popote.

"Kilikuwa na nguo zako," akasema, "na blanketi, na nauli ya treni. Nilijua atakufukuza. Ningekupeleka kwa mama yako mdogo Rongai, huko kulikuwa na shule. Niliogopa sana, Nafula. Hukuona?"

Sikuona, nilikuwa naangalia kifuniko. Alikuwa ameshahesabu kwamba tutashindwa, akafunga mizigo yangu, na bado akaenda akasema. Nimefundisha watoto nukta maisha yangu yote, na kalamu yangu nyekundu haina huruma, waulizeni. Lakini shingo ya mtoto wa mtu sijawahi kuigusa, na mwalimu mwenzangu aliyejaribu alinikuta mlangoni mwa darasa lake, kama Mama.