Maji Yaliyomwagwa Uani

Kibanda cha mota kilikuwa na harufu yake, harufu ya saruji iliyolowa, kutu, na mafuta ya mashine yaliyopata joto, na hata leo ikinipitia puani mahali popote najikuta nimerudi uani kwetu Mocímboa da Praia, nyuma ya ukuta uliotutenga na njia ya kwenda sokoni. Mtu mzima aliingia kibandani kwa kuinama. Ndani lilisimama tangi la chuma la rangi ya buluu, kubwa kama pipa la mafuta, na pembeni yake mota ya kuvuta maji ya kisima. Mafundi wa kwetu huliita balão, kwa Kireno. Sisi nyumbani tulisema tangi la presha. Baba, aliyefanya biashara ya samaki wakavu kati ya kwetu na Mtwara, ndiye aliyelinunua ng'ambo ya Ruvuma na kulivusha kwa tabu. Alipolifunga alikifunika kisima cha babu kwa zege ili mtoto asitumbukie na uchafu usiingie, akaacha tundu la bomba tu. Visima vingine vya mtaa wetu vilikuwa na maji ya chumvichumvi, ya kuogea na kufulia. Chetu kilikuwa na maji matamu, na baba akatoboa ukuta, akaweka bomba la nje ili majirani wateke bila kugonga mlango.

Tangi lile lilikuwa na mfuko wa mpira tumboni. Upande mmoja wa mfuko yalikaa maji, upande wa pili hewa. Mota ikiyaingiza maji, hewa inabanwa, na hewa hiyo iliyobanwa ndiyo inayoyasukuma maji mpaka bombani wakati mota yenyewe imepumzika. Hewa ikipungua, mota haipati kupumzika. Inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mpaka inaungua. Kila Ramadhani ilipokaribia baba alilihudumia, nami nikachuchumaa mlangoni nikimtazama. Alizima umeme, akafungua koki ya chini, akaliacha tangi liishe maji yote. Baadaye aliweka kipimo cha hewa kwenye valvu ndogo iliyokuwa juu, iliyofanana na ya tairi la baiskeli, na kama hewa imepungua akaongeza kwa pampu ya mkono. Alimsisitizia mama kwamba hewa haipimwi tangi likiwa na maji, maana kipimo kitamdanganya, na kwamba valvu ikitoa maji basi mfuko umepasuka. Mama aliitikia huku akikuna nazi, na mimi nilidhani hasikii.

Mwaka ninaousimulia baba alikuwa Mtwara. Alikwenda kama kawaida yake, kisha njia zikafungwa kwa vita na mto ukawa hauvukiki kwa mtu mwenye mzigo na familia ya kurudia. Ulikuwa msimu wa korosho, kabla ya mvua, joto limeshuka juu ya mabati na mabibo yanachacha mitaani. Watu wakaanza kufika kutoka vijiji vya kusini, wengine kwa miguu, wengine kwa mashua, na vitu walivyobeba havikufanana na safari: huyu ana sufuria na kuku, yule ana mlango. Shangazi Somoe, dada mkubwa wa baba, alitoka Quiterajo na wakwe zake wawili, wake wa wanawe, pamoja na wajukuu, na binti yake wa mwisho, Anshia, aliyekuwa rika langu. Mumewe hakuja naye. Alikuwa amebaki shambani siku watu walipokimbia, na hakuna aliyejua zaidi ya hapo. Mama aliwapa chumba cha baba na ukumbi mzima. Mimi na Anshia tulilala mkeka mmoja. Alinifundisha kuusaga msiro, mti wa kupaka usoni, kwenye jiwe bila kuutia maji mengi, na usoni kwake uling'aa kuliko kwangu. Mchana alicheka sana, kicheko cha juu ambacho mama yake alimkataza, maana walikuwa na msiba usio na maiti.

Nyumba ikajaa, na bomba la nje likawa na foleni tangu alfajiri, wanawake wa mtaani pamoja na waliolala katika madarasa ya shule yetu. Mama hakumzuia mtu. Ila baada ya muda tukaanza kuisikia mota. Zamani ilinguruma kwa dakika kadhaa kisha ikanyamaza, ukaisahau. Sasa ilikuwa tak, inanguruma kidogo, tak, inazima, na kabla ndoo haijafika nusu, tak tena. Mama akawa anakatiza maneno yake ili aisikilize. Aliweka kiganja juu ya mota akakiondoa haraka. Simu ilipopatikana alimweleza baba, na baba akamwambia kwamba hewa imetoka na asiiache mota hivyo kwa siku nyingi, kwa sababu ikiungua hakuna duka Mocímboa litakalokuwa na nyingine, na kisima kimezibwa kwa zege. Mama alikaa na ile simu mkononi hata baada ya sauti ya baba kukatika.

Jioni ile aliwaambia wanawake wa foleni, na wakwe wa shangazi pia, kwamba kesho asubuhi bomba litafungwa, basi wajaze kila walicho nacho. Wakwe walisikia. Hawakumwambia mama mkwe wao, kwa sababu siku hizo alikuwa amelala ameelekea ukutani na waliogopa kumsemesha. Asubuhi mama alizima umeme, akafungua koki. Maji ya tangi yakatoka kwa nguvu, yakapita chini ya mlango wa kibanda, yakakata ua na kuelekea njiani. Walikuwapo wanawake wageni waliofika usiku wa kuamkia siku hiyo, wasiojua habari ya tangazo, wamekaa juu ya ndoo tupu. Waliyatazama yale maji yakipita miguuni mwao na kunywewa na mchanga. Mmoja alitaka kuyakinga kwa kata, lakini yalikuwa mekundu kwa kutu.

Shangazi akatoka. Alisimama ukumbini, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akayafuata maji kwa macho mpaka njiani. Hakupaza sauti.

"Wifi," alisema, "ungetuambia tu kwamba tumekuchosha. Tungekwenda."

Mama alikuwa amepiga magoti kibandani, nguo zimelowa. Alimweleza kwamba tangi limepoteza hewa, kwamba ni lazima liwe tupu kwanza, kwamba kaka yake mwenyewe ndiye aliyesema. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimezikwa mbali na nyumbani kwangu nikiwa hai," alisema, "lakini sijawahi kuona maji yakitibiwa kwa kumwagwa."

Akarudi ndani. Mama alinitazama, akaniambia nilete pampu. Tulikuwa tumeiazima kwa mshona viatu wa jirani aliyekuwa na baiskeli. Mama alipoibonyeza valvu kwa ncha ya msumari ili asikie hewa, haikutoka hewa. Yalitoka maji, yakamrukia usoni. Nilicheka, kisha nikaona kwamba yeye hacheki. Alikumbuka maneno ya baba ya zamani, yale niliyodhani hakuyasikia: valvu ikitoa maji, mfuko wa ndani umepasuka, na mfuko huo haushonwi. Alikaa chini kwenye tope, mgongo kwenye ukuta, akiwa amejifunika uso kwa mikono. Nje wanawake walikuwa wanaulizana kama bomba litafunguliwa.

Alichofanya mama baadaye hakufundishwa na mtu. Alifikiri kwamba kama mfuko hauwezi kuitunza hewa, basi tangi lenyewe litaitunza kwa muda, kwa sababu maji hukaa chini na hewa hukaa juu. Aliliacha likauke kabisa, akafunga koki, akaanza kuijaza hewa kwa ile pampu ya baiskeli, akichoka ananipa mimi, nikichoka nampa Anshia. Tulipokezana mpaka pampu ikawa ngumu kushuka. Umeme ulipowashwa mota ilinguruma kwa muda mrefu, mrefu, kisha ikazima, na kimya kikaendelea wakati ndoo ya kwanza, ya pili na nyingine zikijaa. Mama aliegemeza kichwa kwenye chuma kile cha baridi. Lakini hewa ilikuwa inayeyuka polepole ndani ya maji, na baada ya siku chache tak tak ikarudi. Ikabidi tangi limwagwe tena, na tena, kila wiki, na kila mara mbele ya watu.

Shangazi hakuisubiri mara ya tatu. Alisema ana ndugu wa mumewe njia panda ya Awasse, wenye kisima cha kamba na ndoo, na kwamba huko mtu hujitekea mwenyewe. Mama alimwomba abaki. Alimshika mkono mbele ya wakwe zake, akamwambia kwamba nyumba ile ni ya kaka yake, na kwamba yeye, mkewe, hana uwezo wa kumfukuza hata angetaka. Shangazi alijibu kwa adabu, alishukuru kwa yote, na adabu ile ilimuumiza mama kuliko matusi. Mama aliwajazia madumu ya maji ya njiani. Walipanda gari la mizigo lililobeba mihogo, Anshia amekaa juu kabisa, uso wake mweupe kwa msiro, akinipungia mkono mpaka gari lilipokata kona.

Vita vilifika Awasse, kisha vikafika kwetu. Sitaki kuieleza siku ile kwa urefu. Mama alizima umeme wa mota kabla hatujatoka, kana kwamba tunakwenda arusini na kurudi. Tulipita mikokoni, tukalala porini, tukafika Palma, na mwishowe tukavuka kumfuata baba. Kwa muda mrefu hatukusikia lolote la shangazi. Mama alikuwa akianza kusimulia habari ya tangi kwa watu wasiouliza, jirani wa Mtwara, muuza mkaa, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba alieleza, alieleza vizuri kabisa, na mimi niliona kwamba anajitetea mbele ya mtu ambaye hayupo.

Baadaye tulivuka kurudi, tukampata shangazi Pemba, mji wa kusini kwetu, si kile kisiwa, katika ua wa watu waliompokea. Alikuwa amekonda, meno ya mbele hakuna. Wakwe wake walikuwa hai, na wajukuu. Anshia alipotea siku waliyokimbia Awasse. Walitawanyika kwenye mikorosho, na walipojikusanya yeye hakuwapo. Mama na shangazi walilia wakashikana, na walipotulia mama akaanza tena, akasema lile tangi, wifi yangu, Mungu ni shahidi. Shangazi alimwekea kiganja mdomoni.

"Nilijua siku ileile kwamba hukunifukuza," alisema. "Nilimwona mtoto wako anavyohangaika na pampu. Lakini niliowakasirikia hawakuwa mbele yangu, wifi. Wewe ulikuwapo."

Halafu akasema kwamba kama angebaki, Anshia angekuwapo. Mama alimwambia kwamba nasi tulikimbia, kwamba hata kwetu palikuwa hivyohivyo. Lilikuwa neno la kweli, na halikumsaidia hata mmoja wao.

Sasa mimi ni mwalimu, na nimerudi Mocímboa, katika nyumba ya baba. Tuliikuta haina bati wala milango. Kibanda kilikuwa kitupu, tangi limekwenda na walioling'oa. Tumefunga jipya. Kila baada ya miezi kadhaa nalihudumia mwenyewe, na siku moja kabla napita nyumba kwa nyumba na darasa kwa darasa nikiwaambia watu kwa kinywa changu, mmoja mmoja, hata wazee waliolala. Nina maji mengi kuliko aliyokuwa nayo mama, mfuko ni mzima, foleni ni fupi, na vijana wanaoteka hawanifahamu wala hawamfahamu mtu yeyote niliyekua naye. Shangazi amekataa kurudi. Hunipigia simu siku za Ijumaa, baada ya sala. Haulizi habari ya nyumba wala ya kisima. Anauliza kama kuna watu waliofika kutoka upande wa Awasse, nami namjibu kwamba wapo, shangazi, bado wanafika, na kwa kweli bado wanafika.